Mnyororo wa Kifaru na Miguu ya Mpagazi

Msomaji, kama umepata kutengeneza kifaru cha mfano, au kumtazama mwenzio akikitengeneza, bila shaka umeona kwamba kazi yote huenda upesi mpaka ifikapo minyororo. Kiwiliwili huunganishwa kwa muda wa saa mbili tatu, na mzinga huingia mahali pake mara moja. Lakini minyororo yataka subira ya siku nyingi. Vipande vyake ni vidogo kama punje za mahindi, vyote vyafanana, na kila kimoja hapana budi kikatwe, kisuguliwe kwa msasa, kisha kiunganishwe na mwenziwe. Wengi huchoka hapo. Huibandika minyororo ovyo ovyo, wakitumaini kwamba mtazamaji atautazama mzinga tu.

Katika insha hii nataka tuitazame minyororo hiyo ambayo wengi huipuuza. Tutaona ilitoka wapi, kwa nini ilibuniwa, yaungwaje na kupakwa rangi katika kifaru cha mfano, na mwisho tutauliza swali moja linalotuhusu sisi tukaao Kisii na Nyamira kuliko tunavyodhani.

Kwanza yafaa tujue mnyororo hufanya kazi gani. Nchi yetu ya vilima hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kila mtoto wa hapa amekwisha kuona lori lililonasa katika matope mekundu, magurudumu yakizunguka bure huku yakizidi kujichimbia shimo. Gurudumu hugusa ardhi mahali padogo, na uzito wote wa gari hukandamiza mahali hapo. Tufanyeje? Twaweka ubao chini ya gurudumu, nao ubao huutawanya uzito juu ya eneo kubwa zaidi, gari likatoka. Mnyororo wa kifaru ni ubao huo huo, ila umekatwa vipande vingi vilivyoshikanishwa kwa pini, ukazungushwa magurudumu yote, ukawa barabara ijitandikayo mbele ya gari na kujikunja nyuma yake.

Tupige hesabu. Kifaru cha Marekani kiitwacho Sherman kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi. Mnyororo wake ulikuwa na upana wa sentimita 42 hivi, na sehemu iliyolala chini kila upande ilikuwa karibu mita tatu na robo tatu. Zidisha, kisha gawanya, utaona kwamba kila sentimita ya mraba ya ardhi ilibeba kilo moja tu au pungufu kidogo. Chuma chote kile, pamoja na watu watano waliokuwa ndani, hakikuikandamiza ardhi sana, kwa sababu kila kipande cha mnyororo kilipokea sehemu yake ya mzigo.

Fikira hii ni ya zamani. Mwaka 1770 Mwingereza mmoja, Richard Edgeworth, alijiandikishia haki ya gari lenye kubeba barabara yake lenyewe, lakini fundi wa siku zile hakuwa na chuma cha kufaa wala injini ya kulivuta. Miaka mia moja na zaidi ikapita. Mwaka 1904 mambo mawili yalitokea, moja Uingereza na la pili Marekani. Katika mji wa Grantham, David Roberts wa kampuni ya Hornsby aliandikisha mnyororo wa chuma kwa ajili ya trekta. Huko California, Benjamin Holt alijaribu mnyororo wake katika mashamba yenye udongo laini uliokuwa ukimeza magurudumu. Watu walipoiona mashine ile ikienda kwa kujivuta tumbo chini, wakaiita kiwavi. Neno hilo la Kiingereza ndilo lililofika kwetu, likawa katapila.

Basi mnyororo ulizaliwa kwa ajili ya jembe, na vita vikaukuta shambani. Mwaka 1914 vita kuu vilipoanza Ulaya, majeshi yalichimba mahandaki na kuyazungushia nyaya za miiba kutoka bahari ya kaskazini mpaka mpaka wa Uswisi. Farasi na gari la magurudumu havikuweza kupita. Katika kiwanda cha William Foster mjini Lincoln, William Tritton na Walter Wilson walipewa kazi ya kutengeneza gari litakalovuka handaki. Jaribio lao la kwanza lilitumia minyororo iliyonunuliwa Marekani, lakini gari lilipopita juu ya handaki minyororo ile ililegea na kuchomoka. Mwezi Septemba 1915 Tritton akabuni mnyororo mpya wa mabamba ya chuma, wenye kushikwa na kiunzi usiweze kuanguka. Mnyororo ule ulipofaulu, kifaru kikawezekana. Silaha na bamba la kukinga risasi vilikuwa vimekwisha kuwapo kabla yake. Kilichokuwa kikingojewa ni mguu.

Ili adui asijue siri, wafanyakazi waliambiwa kwamba wanaunda matangi ya maji, na jina hilo la tangi likabaki katika Kiingereza hata leo. Sisi tulichagua jina la mnyama mwenye ngozi nene na hasira nyingi, tukaita kifaru. Nami naona jina letu lafaa zaidi. Tarehe 15 Septemba 1916, karibu na kijiji cha Flers katika Ufaransa, vifaru viliingia vitani mara ya kwanza. Vilivyoandaliwa vilikuwa 49, lakini vingi viliharibika au kunasa kabla ya kumfikia adui. Hata hivyo, tangu siku ile hapakuwa na jeshi kubwa lililokidharau kitu kile.

Katika vita vikuu vya pili Sherman iliundwa kwa maelfu, na baada ya vita baadhi ya miili yake ilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Tanganyika. Kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu, vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vilinunuliwa, na kiwanda cha Vickers kikavigeuza kuwa matingatinga yaliyoitwa Shervick. Lakini vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi migumu, na udongo wake wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama saruji. Mashine ziliharibika moja baada ya moja, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mnyororo uliokuwa umetoka shambani kwenda vitani ulirudi shambani, ukashindwa na udongo wetu. Jifunze hapo kwamba chombo kilichofaa mahali pamoja si lazima kifae kila mahali.

Sasa turudi mezani penye gundi na brashi, tukichukua Sherman hiyo hiyo kuwa mfano. Kipimo kitumiwacho sana na mafundi wa vifaru vidogo ni 1 kwa 35. Kampuni ya Tamiya ya Japani ndiyo iliyokieneza kuanzia miaka ya 1960, nacho kilipatikana kwa njia ya kuchekesha: kifaru chao cha kwanza cha namna hiyo kilipewa ukubwa wa kutosha betri za kukiendesha, na dunia nzima ikaufuata ukubwa wa betri. Kwa kipimo hicho Sherman huwa na urefu wa sentimita 17 hivi, na upana wa mnyororo wake ni milimita 12. Mnyororo wa Sherman ya kawaida una vipande 79 kila upande. Jumla ni 158, na fundi mwaminifu huvihesabu kabla ya kuanza.

Usidhani kwamba kazi hii ni ya wenye fedha za kununua sanduku kutoka ng'ambo tu. Kijana ajuaye kuunda gari la waya aweza kukata vipande vya mnyororo kutoka katika kadibodi ngumu, akavibandika juu ya utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akapata mnyororo wenye kukunjika vizuri. Kanuni ni zile zile. Sugua kila kipande mpaka alama ya kisu ipotee. Viunganishe kwa gundi juu ya meza iliyo sawa, kisha, gundi ingali laini, uzungushe mnyororo katika magurudumu ili ufuate mkunjo wake. Gurudumu lenye meno lishike vipande barabara. Kama kila kipande kina alama ya pembe, angalia alama zote zielekee upande mmoja. Zaidi ya yote, hakikisha kwamba mnyororo umelala chini kabisa na kila gurudumu limeukanyaga. Hapo ndipo uzito ulipobebwa. Mnyororo unaoelea hewani ni uongo, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani.

Rangi nayo yataka fikira. Asiyejua hupaka mnyororo wote rangi ya fedha, kwa kuwa amesikia ni chuma. Lakini chuma kikinyeshewa mvua usiku mmoja hupata kutu, na kinachosagwa na mchanga kutwa nzima hung'aa mahali kinapogusa ardhi peke yake. Basi anza na rangi ya kahawia iliyokoza, karibu nyeusi. Ikikauka, pitisha kutu kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa sana, ijikusanye penye pini na pembeni. Kisha paka matope. Mwisho, sugua risasi ya penseli juu ya ncha zilizoinuka, nazo zitang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Ikiwa Sherman yako ni ya minyororo yenye mabamba ya mpira, usiyang'arishe mabamba hayo. Mpira hubaki kijivu cheusi usiong'aa, na chuma huonekana pembeni tu. Wachongaji wa Tabaka hapa kwetu wanayajua mambo kama haya tangu zamani. Hulisugua jiwe la sabuni kwa msasa na maji, hulipaka rangi, kisha huikwaruza rangi hiyo ili weupe wa jiwe utokee na kuwa nakshi. Uso wa kitu hueleza mambo kilichopitia.

Na matope? Hapa historia yaanza kutuuliza maswali. Ardhi ya Flers na mabonde ya Somme ina chokaa nyingi, kwa hiyo matope yake huelekea weupe. Ukikipaka kifaru cha mwaka 1916 matope mekundu kama ya Kisii, umekitoa Ufaransa bila idhini ya historia. Tuseme basi fundi mmoja ataka kifaru chenye matope mekundu ya kwetu, kilichopigana hapa katika vita vile vya 1914 hadi 1918. Atakitafuta kifaru gani?

Hatakipata. Vita vilifika Kisii, tena miaka miwili kabla ya kifaru cha kwanza kuonekana duniani. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika, wakauchukua mji wa Kisii, ambao wenyeji wengi huuita Getembe. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles waliotoka Kisumu walipigana nao katika vilima vya mji huu, watu wengi wakafa pande zote mbili, kisha Wajerumani wakarudi walikotoka. Wakati mji ulipokuwa hauna mtawala, watu waliingia maofisini na katika misheni wakachukua mali. Na serikali iliporudi iliwaadhibu Abagusii vikali na kuwanyang'anya ng'ombe. Baada ya hapo vita vilihamia kusini, vikaenda katika misitu na mito ya Tanganyika na Msumbiji kwa miaka minne. Huko matope yalikuwa mengi kama ya Ulaya. Magari ya kivita ya magurudumu yaliletwa, lakini kifaru hakikuletwa hata kimoja. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Je, mzigo wa jeshi ulibebwa na nini?

Ulibebwa na watu. Mwaka 1914 serikali iliunda kikosi cha wapagazi chini ya Oscar Watkins, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya watu ilikigeuza jina likawa Kariakoo, ndiyo maana Dar es Salaam ina mtaa wa Kariakoo na Nairobi ina Kariokor. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Nyanza kwa miaka mingi, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi kila wilaya, na katika miezi michache zaidi ya watu 100,000 wa Kenya wakachukuliwa. Nyanza ilitoa sehemu kubwa, na vijana wa Abagusii walikuwamo.

Kila mmoja alitwikwa mzigo wa kilo 25 hivi: unga, risasi, maboksi ya dawa, vipande vya mizinga. Fikiri hesabu hii, msomaji. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga, naye hula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi, na kurudi siku kumi, atakuwa amekula kilo 20 mwenyewe. Zitakazomfikia askari ni kilo tano. Kwa sababu hiyo, kila jeshi lilivyozidi kwenda mbali ndivyo wapagazi walivyohitajiwa zaidi, mmoja kumlisha mwingine, kama vipande vya mnyororo vinavyoshikana. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia karibu watu milioni moja. Miguu yao, mingi ikiwa mitupu, ndiyo iliyoutawanya uzito wa vita vile juu ya ardhi ya Afrika Mashariki.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Walipewa unga wa mahindi ambao baadhi yao hawakuuzoea, mara nyingi bila wakati wala kuni za kuupika ukaiva. Walilala mvuani bila blanketi la kutosha. Kwa hesabu zinazokubaliwa na wengi, waliokufa hawapungui 95,000, na katika hao zaidi ya 40,000 walitoka Kenya. Mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia jamaa zao kamwe. Wahenga walisema kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ukienda Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, utaona sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi, na maandishi ya pale yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini utafute jina la mpagazi mmoja juu ya jiwe lile, hutaliona. Askari wa Ulaya aliyekufa katika vita hivyo hivyo ana jina lake lililochongwa, na aghalabu kaburi lenye jiwe lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume ilisema idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Tazama tofauti ya namba hizo mbili. Kifaru kimoja cha Sherman twajua kina vipande 158, wala hatukosei hata kimoja. Lakini katika hesabu ya watu hawa twaweza kukosea kwa zaidi ya laki mbili.

Hapo ndipo penye funzo la insha hii. Chombo kikubwa hubebwa na vitu vidogo vilivyo chini, ambavyo jicho halivitazami. Fundi mzuri hujulikana kwa minyororo yake, kwa kuwa yuko tayari kutumia siku nzima kwa ajili ya vipande ambavyo wengine huvipuuza. Na mwanahistoria mzuri hujulikana kwa jambo lilo hilo. Majina ya majemadari waliopigana Afrika Mashariki yamo vitabuni. Hakuna hatari yakapotea. Majina ya wapagazi yalikuwa katika daftari zilizoandikwa kwa haraka, nyingi zikapotea, na katika vichwa vya jamaa zao.

Wapagazi wenyewe wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao wangali hai katika vijiji vyetu, nao ni wazee sasa. Basi, msomaji, likizo ikifika, mwulize babu au nyanya yako: Je, katika ukoo wetu yupo aliyechukuliwa Kariakoo? Aliitwa nani? Alirudi? Kama hakurudi, alisemekana kufia wapi? Andika jibu kwa wino, pamoja na tarehe ya siku uliyoambiwa na jina la aliyekuambia, kisha umpe mwalimu wako wa historia. Ukipata jina moja tu, usilione dogo. Mnyororo huungwa kwa kuanza na kipande kimoja, kisha cha pili, mpaka vyote vihesabiwe.